Mkate wa Mgonjwa

Kwetu mkate haukuwa chakula. Ulikuwa dawa, na dawa hupewa mgonjwa, na mgonjwa wa nyumbani kwetu alikuwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa na afya ya kukera. Tangu nipate akili mpaka nilipofikisha miaka kumi na minne sikumbuki kuumwa hata jino, na nasema bila aibu kwamba katika utoto wangu hakuna kitu nilichokichukia kama afya hiyo.

Tuliishi mlimani juu ya Same, Upare ya Kusini, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu ukisimama nyuma ya nyumba unaiona reli kule nyikani. Baba alifanya kazi kwenye reli hiyo, stesheni ya Same, akibadilisha njia za treni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na baba alipewa koti zito lenye vifungo vya shaba ambalo alilivaa hata kwenye jua la nyikani, kwa sababu lilikuwa lake. Alishuka Jumatatu alfajiri akarudi Jumamosi jioni. Sisi watatu, mama, mimi na mdogo wangu, tulibaki juu na ndizi zetu, magimbi yetu na makande yetu ya mahindi na maharage. Makande tuliyala jioni, na asubuhi tuliyala tena yakiwa ya baridi.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka mitatu surua ilipita kijijini. Ilimlaza wiki mbili, kisha ikamwachia. Alitoka kitandani amekonda, miguu inatetemeka, na hapo ndipo mkate ulipoingia nyumbani kwetu.

Lazima niieleze desturi hii, maana bila hiyo sitaeleweka. Mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa hakwenda mikono mitupu, na kitu cha heshima kuliko vyote kilikuwa mkate wa ngano. Makande, walisema, ni mazito, yanamchosha mgonjwa. Magimbi yanakwaruza koo. Ndizi ni chakula cha kila siku, na nani alishawahi kuponywa na chakula cha kila siku? Lakini mkate ni laini, ni mweupe, umetoka mbali, na Wazungu wanaula asubuhi na jioni na wana mashavu mekundu. Basi mgonjwa akipewa chai ya maziwa na mkate, familia ilikuwa imefanya wajibu wake, hata kama angekufa.

Mkate wenyewe ulitoka Moshi kwa treni, ukauzwa kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni. Baba aliupandisha mlima ndani ya karatasi ya kaki, kifuani chini ya lile koti, mvua isiuguse. Kila Jumamosi mkate mmoja. Mama aliutia kwenye kopo la biskuti, akalitundika juu ya jiko mahali ambapo panya hawafiki. Ulikaa humo wiki nzima. Kufikia Jumatano ulikuwa mgumu, na kufikia Ijumaa ulibidi kuloweshwa kwenye chai ndipo uingie mdomoni.

Mdogo wangu alikula mkate, na hakupona. Tumbo lake lilivimba likawa kubwa, huku mikono na miguu ikizidi kuwa myembamba. Nywele zake zilipauka. Choo chake kilikuwa cheupe, chenye povu, na harufu yake ilimfanya mama aende kumwoshea mbali kabisa na mfereji wa maji ya kunywa. Alilialia mchana kutwa bila kusema anataka nini. Mama aliyaona hayo akaogopa, na alipoogopa akamwongezea mkate. Majirani nao wakasikia hali imekuwa mbaya, wakaja na mikate yao na maandazi yao. Mwaka mzima ulipita hivyo, na wa pili ukaanza. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kwa nini mtoto anazidi kuumwa kadiri anavyozidi kutibiwa.

Mimi ndiyo kabisa sikuuliza. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na kazi moja, kumwonea wivu.

Niseme wivu huo ulivyokuwa. Asubuhi mama alimkalisha mapajani, akakata kipande kwa kisu kidogo kilichokuwa cha kazi hiyo tu, akakichovya kwenye chai, akakipuliza, akakitia mdomoni mwake kwa vidole vyake mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kigoda upande wa pili wa jiko na bakuli langu la makande, nikikifuata kila kipande kwa macho kutoka kwenye kikombe hadi kwenye midomo ile iliyopauka. Mdogo wangu alikunja uso. Aligeuza kichwa. Mama akambembeleza, "Kula, mwanangu, kula kidogo tu, kwa ajili ya mama." Sijui kama mama alishawahi kunibembeleza mimi nile kitu. Nilikuwa nakula bila kubembelezwa, na huko ndiko kulikonikosesha.

Mara moja niliomba ule ukoko wa juu, wa kahawia, ambao mdogo wangu hawezi kuutafuna. Mama alinitazama kama mtu aliyeombwa jeneza. "Unaumwa nini wewe?" aliuliza. Sikuwa naumwa kitu, basi sikupata kitu.

Nilijaribu kuugua. Nilikaa juani mpaka kichwa kikauma, nikaenda kumwambia mama, akanipa maji ya kunywa na kunituma kuni. Nilikohoa. Nilichechemea. Jumapili moja kanisani, wakati mchungaji anawaombea wagonjwa wote wa usharika, nilifumba macho na kumwomba Mungu amchukue mdogo wangu. Sikumwomba amponye. Nilisema amchukue, kisha nikafumbua macho nikamwona amelala begani kwa mama na mate yanamtoka, nikaogopa kidogo, lakini sikuyafuta maneno yangu.

Juu ya hayo niliachishwa shule kwa ajili yake. Nilikuwa darasa la pili shule ya misheni, najua kusoma, mwalimu ananisifu, baba akasema mama hawezi kulima na kuuguza peke yake. Basi nikakaa nyumbani kumlea yule yule aliyekuwa anakula mkate wangu. Nauita wangu kwa sababu ndivyo nilivyouona.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Sisi Wapare tuna ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi linazibuliwa ili maji yashuke kwa mifereji mpaka mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Ukikosa zamu, mahindi yako yanakauka wakati ya jirani yanaota. Kiangazi kile maji yalipungua, na siku ya zamu mama alilazimika kuondoka mapema, akaufuata mfereji wote na jembe, akilinda asitokee mjanja wa kuyageuzia maji shambani kwake. Siku zisizo za zamu alikwenda kulima. Akaniachia mdogo wangu, chai kwenye birika, na vipande vya mkate vilivyokatwa tayari: vitatu vya asubuhi, viwili vya saa nane.

"Umlishe taratibu," alisema. "Ukimwona anakataa, mbembeleze."

Siku ya kwanza nilimlisha. Siku ya pili alikataa kipande cha tatu, nikakila mimi. Bado nakumbuka ladha yake. Kilikuwa kimeanza kukauka, kina harufu ya moshi wa jiko letu, na utamu ulikuwa mdogo sana, nusura nisiuone. Lakini nilikuwa nimekingoja mwaka mzima na zaidi. Nilikaa nacho mdomoni mpaka kikayeyuka chenyewe.

Nilipokuwa nakila, mdogo wangu aliinama kwenye bakuli langu akachota makande ya baridi kwa mkono. Nilitaka kumnyang'anya, halafu nikapata akili. Nikamsogezea bakuli. Alikula mahindi na maharage ya jana kama mtoto aliyekuwa amefungiwa chakula, na nadhani ndivyo alivyokuwa. Mimi nikala vipande vyake vilivyobaki.

Hivyo ndivyo biashara yetu ilivyoanza. Kila siku mama alipopotea kwenye migomba, mimi nilichukua mkate, yeye alichukua makande, au ndizi nilizomchomea kwenye majivu, au gimbi. Nilimfundisha la kusema. "Mama akikuuliza umekula nini?" "Mkate," alisema. "Ulikuwaje?" "Mtamu." Alikuwa hajatimiza miaka mitano lakini alidanganya vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowajua. Nilijiona mimi ndiye mjanja niliyemzidi akili. Jioni mama akitaka kumpa kipande kimoja mbele yangu, mdogo wangu alisema ameshiba mkate wa mchana, na mama alifurahi, maana shibe ilikuwa kitu kipya kwake.

Wiki ya tatu au ya nne choo chake kikawa choo cha mtu. Tumbo likaanza kushuka. Akaacha kulialia, akaanza kuuliza maswali, akaanza kukimbia. Nywele mpya zikaota nyeusi chini ya zile zilizopauka. Majirani walikuja kumtazama, wakasimama mlangoni wakiguna kwa furaha. Na mama alisema nini? Alisema mkate umefanya kazi yake. Baba alipanda na mikate miwili badala ya mmoja.

Kiangazi kile nilinenepa, na hakuna aliyeliona hilo pia.

Baba alikwenda kutoa shukrani kanisani. Alisimama mbele amevaa lile koti, mkungu wa ndizi miguuni pake, akawaeleza watu jinsi Mungu alivyolibariki lile bonge la ngano kutoka Moshi. Watu waliitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, mkate wa mtoto bado uko tumboni mwangu, na badala ya kutetemeka nilikasirika. Hata kupona kwake kulikuwa sherehe. Mimi sikuwa nimewahi kutolewa shukrani hata ya yai.

Aliyenikamata alikuwa shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kutembea bila kusikika. Alikuja mchana kuleta chumvi, akanikuta nimekaa kizingitini na kipande mdomoni na kingine mkononi, na mtoto ubavuni pangu anakula makande. Hakunigusa. Aliweka chumvi chini akaenda kumwita mama shambani.

Nilichapwa. Kuchapwa nilikutazamia, hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mama alichapa huku analia. "Chakula chote cha nyumba hii umekiacha," alisema, "ukaenda kula cha mgonjwa." Shangazi aliuliza nimeanza lini. Nikajibu haraka, kabla sijafikiri, kwamba ni leo tu, ni mara ya kwanza, naapa. Mdogo wangu alinitazama, akanyamaza. Wakaamini, kwa sababu ni nani angeamini zaidi ya hapo? Mtoto ambaye angenyimwa chakula chake kiangazi kizima asingekuwa anakimbia uani namna ile.

Tangu siku hiyo mama alimlisha kwa mkono wake, asubuhi kabla ya kutoka na jioni aliporudi, na katikati alikwenda naye shambani amembeba mgongoni pamoja na kopo. Mdogo wangu alilia akitaka makande. Walisema mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi.

Hazikupita wiki nyingi. Kwanza aliacha kukimbia, kisha aliacha kuuliza maswali. Tumbo lilirudi, na ile harufu ilirudi. Safari hii alikonda haraka kuliko mara ya kwanza, midomo ikachanika pembeni, akawa analala mchana na macho nusu wazi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mama alisema ni baridi. Shangazi alisema kuna mtu amemtazama vibaya, na aliposema hivyo alinitazama mimi.

Mimi nilianza kujua. Sitaki kujisifu, sikujua kitu kuhusu ngano. Nilijua tu kwamba siku nilizomnyima mkate alinenepa, na siku alizorudishiwa anakufa. Nililijua hilo, nikakaa nalo kimya karibu mwezi mzima. Ningesema nini? Kwamba sikuiba siku moja, niliiba kiangazi kizima? Kwamba baba alitoa shukrani mbele ya usharika kwa mkate niliokula mimi? Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, nalo nalisema sasa kwa sababu nimezeeka. Nilikuwa nimemwomba Mungu, na ilionekana Mungu amesikia.

Baba aliomba ruhusa kazini. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, tukaenda kwa miguu hospitali ya misheni, kutwa nzima kuvuka miteremko. Mama alibeba nguo. Mimi nilibeba kikapu cha ndizi zetu za njiani. Kopo la mkate mama hakunipa, alilibeba mwenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alijua Kiswahili, lakini mama alizoea Kipare, kwa hiyo mwuguzi mmoja, mama mtu mzima wa kwetu, alikaa katikati akitafsiri. Daktari alimpima mtoto muda mrefu. Alibonyeza tumbo, akatazama ulimi, akainua ngozi ya mkono kwa vidole na kuiachia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza.

"Amewahi kupata nafuu? Lini, na alikuwa anakula nini?"

Mwuguzi akatafsiri. Mama alijibu bila kusita. Kiangazi, alisema. Kiangazi alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anakula mkate vizuri, vipande vitano kwa siku.

"Na sasa?"

"Sasa namlisha hivyo hivyo, lakini mwili unakataa."

Daktari aliandika. Nilitazama kalamu yake inavyokwenda. Akasema huenda ni minyoo, atampa dawa, na kwa kuwa mkate ulimsaidia mwanzo, waendelee nao, pamoja na maziwa, hapa wodini upo wa kutosha. Mwuguzi alianza kutafsiri. Mdogo wangu alikuwa amelala mezani amegeuzia uso upande wangu, na nilipomtazama nikaona kuwa hana nguvu hata ya kukataa.

"Hakuwa anakula yeye," nilisema. "Nilikuwa nakula mimi."

Nilisema kwa Kipare, kwa sauti ndogo. Baba alisema ninyamaze, mambo hayo yalikwisha. Nikasema hayakwisha, haikuwa siku moja. Ilikuwa kila siku tangu maji ya ndiva yalipopungua mpaka siku ile shangazi alipokuja. Hakula hata kipande. Alikula makande yangu na magimbi na ndizi, na akapona, na mliporudisha mkate akaugua. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, na mwuguzi alisahau kutafsiri.

Mama hakunipiga. Alivuta kanga yake akaifunga vizuri kifuani, akakaa, akatazama ukuta. Kiboko kingekuwa afadhali.

Mwuguzi akamweleza daktari. Daktari aliweka kalamu chini, akanigeukia mimi, si mama wala baba, akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake, pole pole. Nilimpa nini hasa? Uji je? Uji wa mahindi. Maandazi ya majirani? Niliyala mimi. Yote? Yote. Baada ya siku ngapi choo kilibadilika? Nilimjibu kila kitu, maana mwizi hukumbuka vizuri. Alitoka, akakaa huko muda, akarudi na jarida mkononi limekunjwa katikati. Alisema kule Ulaya siku hizi madaktari wameanza kuona kwamba kuna watoto ambao ngano inawadhuru matumbo, na yeye hakutegemea kumkuta mmoja katika milima hii ambako hakuna anayelima ngano. Kisha akamwambia mama, "Mwizi wako ameona kuliko mimi."

Nadhani alitaka kutuchangamsha. Mama hakucheka.

Mdogo wangu alibaki wodini wiki kadhaa akila ndizi, wali, mayai na maziwa, na alirudi nyumbani anatembea mwenyewe. Leo ugonjwa ule una jina, wanauita siliaki, na wajukuu zake wawili wanao. Wao wanasoma maandishi ya nyuma ya pakiti dukani. Wakati ule pakiti hazikuwepo, alikuwepo mama. Alimtengea mdogo wangu chungu chake, mwiko wake na bakuli lake. Hakuna daktari aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameshaogopa vya kutosha. Arusini na misibani alikwenda na chakula cha mtoto kimefungwa kwenye jani la mgomba, akawaeleza wenyeji mmoja mmoja kwamba hatuwadhanii vibaya, ni tumbo lake tu. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtuhumu. Mama alilibeba jambo hilo kila mahali miaka yote, kwa uvumilivu ambao sikumjua nao.

Na mimi nilidhani nikisema ukweli wivu utaniisha. Mkate ulikoma kuja nyumbani kwetu, baba hakutaka hata kuuona, kwa hiyo kwa kusema kwangu nikaukosa mimi pia. Badala yake baba alianza kupandisha mchele wa nyikani. Kwetu wali uliliwa Krismasi. Mdogo wangu aliula Jumanne. Aliula siku ya mvua isiyo na sababu yoyote, kwenye bakuli lake, na yai juu. Mimi nilikaa upande wa pili wa jiko na makande yangu, nikikifuata kila kijiko. Nilirudishwa shule, nikasoma, nikawa wa kwanza, na nilipofika nyumbani na habari hiyo mama alisema vizuri, akaendelea kupepeta mchele.

Lakini adhabu yangu haikuwa wali. Adhabu yangu ilikuwa kwamba tangu siku ya hospitali mama hakuniruhusu kushika chakula cha mtu mwingine. Wakija wageni, wasichana wa rika langu walipeleka sahani mbele, mimi niliambiwa nilete maji ya kunawa. Chakula kilipopakuliwa hakikupita mikononi mwangu. Hakuwahi kulisema, na watu wa nje wala hawakuligundua. Aliponisimulia kwa majirani alisema, "Huyu mkubwa ndiye aliyemwokoa mdogo wake," kisha akaipokea sahani kabla sijaifikia. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne na zaidi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilishuka nyikani na wenzangu kuuza ndizi Same, tukalala huko siku mbili, na nikarudi na homa. Nilikuwa sijui homa ni nini. Nilitetemeka mpaka kitanda kikatembea, nikatapika, siku tatu sikumtambua mtu. Siku ya nne nilifumbua macho mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yangu. Mapajani ana karatasi ya kaki.

Mdogo wangu ndiye aliyeuleta. Alikuwa na miaka tisa, miguu minene, na alishuka alfajiri pamoja na wanawake wa sokoni, akapanda mlima wote akiwa ameukumbatia kifuani. Sasa amesimama mlangoni na vumbi hadi magotini. Mama alimwambia akae mbali kidogo, makombo yasimwangukie. Kisha alikata kipande kwa kile kisu kidogo, ambacho sikujua kama bado kipo, akakichovya kwenye chai, akakipuliza, akakileta mdomoni mwangu kwa vidole vyake.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kidogo tu, kwa ajili ya mama."

Nilikula. Mdomo wangu ulikuwa mchungu kwa homa na ule mkate ungeweza kuwa udongo, lakini nilikula. Mama akachovya kingine. Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu. Alikuwa anakifuata kile kipande kwa macho, kutoka kwenye kikombe hadi kwenye midomo yangu. Macho yale niliyajua. Nilikuwa nayo miaka yote, ila sikuwahi kuyaona kwa mbele.

"Dada," aliuliza, "ni mtamu?"

"Si mtamu," nilisema. "Hauna ladha yoyote."

Aliinamisha kichwa upande.

"Mwongo," alisema. "Kitu kisicho kitamu usingekiiba kiangazi kizima."

Jambo hilo halikuwa limetajwa mbele ya mama tangu hospitalini. Nilimtazama mama, kipande kimesimama njiani mkononi mwake, chai inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka, kicheko cha chini ambacho hakutaka kitoke, na mdogo wangu akacheka, na mimi nikacheka mpaka kichwa kikataka kupasuka. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanipa mimi sahani yenye vipande vilivyobaki niishike, akanyanyuka kuongeza chai.

Nikaishika kwa mikono miwili. Mdogo wangu alisogea hatua moja, akatazama. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia nikaiweka chini, lakini nilikuwa nimengoja mno. Mama aliporudi nilifungua kinywa tena, maana nilikuwa sijashiba.